Jina la Mtu Aliye Hai

Kwetu Bungoma mtoto hapewi jina la mtu anayepumua. Majina ni ya waliotangulia. Mtoto akilia na kukataa kunyamaza, wazee humtajia marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Ukimpa mtoto jina langu nami bado nipo Kimilili napalilia mahindi yangu, umenichimbia kaburi ukaniita nije nijipime.

Wakwe zangu ni Wakikuyu wa upande wa Moi's Bridge, na kwao mambo ni kinyume kabisa. Huko mzazi hupewa jina akiwa hai, akaliona likikimbia uani na kuvunja vikombe. Mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba. Msichana wa kwanza ni nyanya mzaa baba, wa pili ni nyanya mzaa mama, na hakuna mjadala. Hata hawasemi kwamba mtoto amepewa jina lako. Wanasema umezaliwa.

Mimi ni Edinah Naliaka, mjane wa Barasa, na mdomo wangu ni mkali, hilo sifichi. Binti yangu Nekoye aliolewa na Gathii, mwana pekee wa Mzee Gikonyo na mkewe Rahab Wanjiru. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, kwa hivyo akawa Wanjiru, au Ciru kwa kifupi. Siku niliyomsikia Gathii, mwanamume mzima mwenye ndevu, akimwita kile kichanga "maitu", yaani mama yangu, nilicheka hadi nikashika ukuta. Mzee Gikonyo naye alimwita "bibi yangu" na kumletea miwa kutoka sokoni, huku Rahab akijifanya amenuna kwa kuletewa mke mwenza. Nilirudi Kimilili nikawasimulia majirani, tukacheka tena. Siku hizo tulikuwa na nafasi ya kucheka.

Aliyebaki ni mzee mwenyewe. Gikonyo hakuwa amezaliwa. Umri wake ulikuwa umesonga, mwana ni mmoja, na jina lake halikuwa na pa kwenda isipokuwa tumbo la binti yangu. Hakuwahi kulitaja. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia moja, ile ya kijivu yenye ukingo uliolegea, na hakuivua ila kanisani, kitandani na msibani. Lakini kila mtu pale alijua anangoja nini.

Kisha Nekoye akaugua. Alikuwa na duka la agroveti, la dawa za mifugo na mbegu, mjini Kitale, na kazi aliijua vizuri. Wakulima walimpenda kwa sababu hakuwauzia wasichohitaji, na pia aliwakaripia. Mtu akija kusema ameacha kuogesha ng'ombe kwa sababu haoni kupe, Nekoye alimwuliza kama ameacha kufunga mlango kwa sababu haoni mwizi. Nilikaa naye dukani mara nyingi nikimsikia. Ndiyo maana hadi leo nina hasira naye, hasira ambayo sina pa kuipeleka.

Ilianza na uvimbe shingoni na jasho la usiku lililolowesha shuka. Tulidhani ni kifua kikuu, akatibiwa hivyo kwa muda, akazidi kukonda, na tumbo likajaa upande mmoja. Mwishowe tukafika Eldoret. Daktari anaitwa Kipketer, kijana mpole anayevuta kiti na kukaa kabla hajasema jambo baya. Alituambia ni limfoma, saratani ya tezi, tena ya aina adimu ambayo huwapata zaidi wanaume wazee. Nilimwambia basi imekosea nyumba. Hakucheka, wala mimi sikuwa nafanya mzaha.

Alipigwa kemo hadi nywele zikaisha na kucha zikawa nyeusi. Aliyemsindikiza mara zote ni Mzee Gikonyo. Gathii alibaki na duka, Rahab na mtoto, nami nilikuwa na shamba na magoti mabovu, nikifika pale ninapoweza. Mzee alikaa kando ya kile kiti cha dripu tangu asubuhi hadi jioni, kofia kichwani, chupa ya uji miguuni, akimmenyea machungwa. Nekoye akitapika, yeye ndiye aliyeshika beseni. Manesi walidhani ni baba yake mzazi, naye hakuwasahihisha. Baba mkwe kumshikia mke wa mwanawe beseni, kwetu hilo lingeitishiwa kikao. Mimi nilimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo na bado namshukuru.

Kemo ilipokwisha, picha ikatoka safi. Tulilia wote kwenye korido. Lakini Daktari Kipketer alivuta kiti tena. Alisema ugonjwa hauonekani, na kutoonekana si kutokuwepo. Hii aina, alisema, ina tabia ya kurudi, kwa hivyo Nekoye ataendelea na dripu moja kila baada ya miezi miwili kwa miaka mitatu. Haitakuwa kemo, nywele zitaota na atafanya kazi zake. Kazi ya dawa hiyo ni kulinda, kumeza mabaki yasiyoonekana kabla hayajaamka. Na asishike mimba wakati wote huo, wala mwaka mmoja baada ya dripu ya mwisho. Aliuliza kama tumeelewa. Mimi nilielewa upesi, maana nimelima maisha yangu yote: ni palizi ya pili, ile unayofanya wakati shamba linapendeza na mvivu amekwenda kulala. Nekoye aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Mzee Gikonyo aliangalia kofia yake, aliyokuwa ameivua kwa sababu aliona pale ni kama kanisani.

Miaka mitatu na mmoja. Sikupiga hesabu ya mzee siku ile. Nekoye aliipiga.

Mambo yalikwenda vizuri kwa mwaka na zaidi. Wawili hao waliondoka asubuhi kwenda Eldoret na kurudi jioni, mzee akiwa amechoka kuliko mgonjwa. Nywele za Nekoye ziliota laini kama za mtoto, akanenepa mashavu. Halafu wakati wa kuvuna mahindi mzee akaanguka ghalani. Upande mmoja wa mwili ukafa ganzi, mdomo ukapinda, akalazwa, akarudishwa nyumbani akiwa hawezi kujigeuza. Watu wa kanisa walikuja kumwombea kwa sauti ya kumuaga. Mafundi wawili walionekana wakipima miti nyuma ya nyumba, na sote tulijua mbao hizo si za kitanda.

Dripu iliyofuata Nekoye alisema ataenda peke yake. Hakuna aliyeona ubaya. Alikuwa mzima, mwenye shughuli zake, na nyumba yote ilikuwa inamgeuza mzee na kumbadilishia nguo. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni, akasema madaktari wanafurahi sana. Miezi miwili baadaye vilevile. Mimi nikipiga simu ananiambia ameenda, mkono umeuma kidogo, lakini yuko sawa. Nilimwamini, kwa kuwa mtoto wangu hakuwa mwongo.

Nilikwenda kuwatembelea wakati wa kupanda, mvua ikiwa imeanza. Kabla sijamsalimia mtu niliona kitu uani: Rahab alikuwa ameanika njahi. Njahi ni zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe, na Wakikuyu huzipika kwa ajili ya harusi na kwa ajili ya mwanamke aliyejifungua. Harusi haikuwepo. Rahab alikuwa anazichagua moja moja, anatupa mbovu, anaimba. Nilimwuliza anamwekea nani. Akaniangalia kwa furaha iliyonitia baridi, akasema nimwulize binti yangu.

Nekoye alikuwa chumbani akikunja nguo za Ciru. Nilifunga mlango.

"Dripu ya mwisho ulienda lini?" nikamwuliza.

Aliendelea kukunja. "Niko sawa, Mum. Picha si ilisema niko safi."

"Sijakuuliza picha. Nimekuuliza dripu."

"Kabla mzee aanguke."

Nilikaa kitandani kwao, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Akaniambia yote, taratibu, kama mtu anayehesabu stoku. Siku zile alizosema amekwenda Eldoret alikuwa anakwenda Kitale na kufungua duka. Sindano ya kupanga uzazi aliiacha. Yeye mwenyewe alimwambia Gathii kwamba daktari ameruhusu, tena amesema mimba ni nzuri kwa mwili. Hakuna aliyemtuma. Rahab alikuwa amesema tu, siku moja akimlisha mzee uji, kwamba inamwuma kuona mtu mwema kama huyu ataondoka bila kuzaliwa.

"Wewe ndiye unawaambia watu waogeshe ng'ombe hata kama hawaoni kupe," nikasema.

"Najua."

"Kama unajua, kwa nini?"

Aliacha kukunja. "Huyo mzee amenishikia beseni, Mum. Sina kitu ingine naweza mpatia. Na yeye hana miaka hiyo yote ya kungoja."

Nilitamani kumzaba kofi, na nilitamani kumbeba mgongoni nikatoroke naye. Badala yake nilitoka uani nikampiga Rahab kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nilimwita mchawi, hilo nalisema. Alisimama na ungo wake akaniacha nimalize. Halafu akaniuliza daktari alikataza nini hasa, maana hakuna aliyewahi kumwambia mambo ya mimba. Na ilikuwa kweli. Waliokuwa chumbani siku ile ni mimi, Nekoye na mzee, na mzee sasa alikuwa hawezi kusema.

"Mimi nilisema tu nina huzuni," Rahab akasema. "Kwani kusema nayo ni makosa?"

Gathii alipoambiwa alikaa juu ya gunia la chakula cha kuku akaweka kichwa katikati ya magoti. Hakumfokea mkewe. Kesho yake tulikwenda Eldoret watatu.

Daktari Kipketer hakupiga kelele pia, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alisema ile dawa ya kulinda hawezi kuianza tena mimba ikiwa hapo. Watamwangalia kwa karibu, na huenda mambo yakaenda vizuri. Nilimshika neno: huenda? Nilitaka aniambie kama dripu zilizorukwa zimemuua mwanangu au la. Akasema hata wanaomaliza dawa zote kuna ambao hurudiwa, na wapo wanaoacha wasirudiwe, kwa hivyo hawezi kuapa. Alichojua ni kwamba dawa hiyo huwapa wengi miaka. Neno hilo la miaka nililibeba hadi Kimilili na nikakosa pa kuliweka.

Sasa sikia kichekesho chenyewe. Mzee Gikonyo akapona. Si kupona kabisa, lakini mvua ilipokolea alianza kukaa, kisha kusimama, na mahindi yalipotoa mbelewele alikuwa anatembea uani na fimbo, kofia kichwani, akiburuta mguu mmoja. Sauti ikarudi, nzito lakini yasikika. Zile mbao Rahab alizitumia kutengenezea banda la kuku. Watu wa kanisa walikuja tena, safari hii kushukuru, nao walimwonyesha mzee tumbo la Nekoye na kusema Mungu amemrudisha aje ajipokee mwenyewe.

Wiki hiyohiyo Ciru, akichezea shingo ya mama yake, akauliza kwa nini amemeza yai.

Ugonjwa ulikuwa umerudi, na ulirudi kwa haraka kuliko mara ya kwanza. Daktari alitaka aanze kemo mara moja. Alieleza kwamba mimba ikishakua kiasi kile zipo dawa ambazo mtoto huzivumilia, na kwamba kungoja ni hatari. Alieleza mara mbili. Nekoye alikataa. Alisema amefika hapo kwa sababu ya mtoto huyu na hatamwagia sumu akiwa ndani, wacha azaliwe kwanza. Mimi nilipiga magoti. Nilipiga magoti sakafuni mbele ya daktari na nesi na mtu wa kufagia, nikamwomba mtoto wangu akubali. Akaniinua, mikono yake ikiwa moto kwa homa, akaniambia niache kujiaibisha.

Aliyekuwa amebaki ni mzee, maana hakuna ambaye Nekoye alimheshimu zaidi. Nilimweleza kila kitu mimi mwenyewe, pale uani, nikiwa nimesimama mbali kama inavyotakiwa wakwe wasimame. Nilimweleza kwa nini binti yangu aliacha dawa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaburuta mguu wake hadi mlangoni kwa Nekoye na kuketi kwenye kigoda. Nilimwona akishindana na mdomo wake.

"Nani alikuambia mimi niko na haraka?" akamwuliza.

Nekoye akaanza kulia. Ndiyo mara ya kwanza alilia tangu ugonjwa urudi. Mzee akamwambia kwamba amewahi kungoja mambo mengi katika nchi hii, shamba, amani, mvua, na asingeshindwa kungoja mtoto. Na kama asingefika, angekwenda hivyohivyo, kwani baba yake mwenyewe alikwenda hivyo. Akamwomba aanze matibabu. Nekoye akasema, "Sawa, Baba, nikijifungua tu." Hata mzee hakuweza kumgeuza nia. Tangu siku ile mzee alipunguza kula, na Rahab alikuwa akimkuta ameketi nyuma ya banda la kuku akiangalia zile mbao.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji Kitale mwezi wa nane, kabla ya wakati wake, mdogo lakini mwenye mapafu ya kupiga kelele. Nilikuwa nje kwenye benchi na Gathii, tumeachiana nafasi ya watu wanne, maana Gathii alijifunza desturi yetu tangu siku ya kwanza na hajawahi hata kunishika mkono. Rahab alitoka na kifurushi. Alikuwa analia na kucheka.

"Ni msichana," akasema. "Mama Nekoye, umezaliwa."

Msichana wa pili. Nyanya mzaa mama. Kwa hesabu yao mtoto yule alikuwa mimi, Naliaka, na Gikonyo alikuwa bado hajazaliwa. Rahab hakuonyesha hata chembe ya kusikitika, na hilo namhesabia. Alinisogezea mtoto kama anayenipa zawadi kubwa kuliko zote za kwao. Nilikuwa hai, na jina langu lilikuwa limelala pale ndani ya blanketi la manjano likipiga miayo.

Gathii naye alikuwa ameweka mikono nyuma. Rahab akamwambia ambebe mwanawe. Akauliza kwa uzito wote wa uso wake atambebaje mama mkwe. Tulipomsimulia Nekoye maneno hayo, akiwa bado na dawa ya usingizi kichwani, alicheka huku ameshika kidonda chake akituomba tumwache asije akapasuka. Nilikuja kukikumbuka mwezi mzima uliofuata kile kicheko, maana hakikurudi.

Kemo ilianza. Haikushika. Walibadilisha, nayo haikushika. Daktari Kipketer alivuta kiti mara ya mwisho na kutuambia mgonjwa aende nyumbani, apewe ya kutuliza maumivu, akae na watoto wake.

Kwetu mama halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Nimekulia katika desturi hizo na sizivunji ovyo, lakini siku ile niliingiza begi langu kwa Gathii, nikatandika mkeka sakafuni kando ya kitanda cha Nekoye, na mtu asinisemeshe. Gathii alihamia kwa wazazi wake bila kuambiwa. Mchana tulikuwa mimi na Rahab, kila mmoja na kazi yake. Yeye alipika zile njahi, akaziponda na ndizi, akamletea Nekoye kwenye bakuli zuri, na Nekoye alilamba kijiko kimoja kwa heshima. Maziwa hayakutoka. Mtoto alikunywa ya kopo.

Jambo la jina lilikuwa linazunguka nyumba. Rahab alikuwa amekwisha kuanza kumwita mtoto Naliaka, kwa sauti tamu, na kila alipolitaja mimi nilitafuta kazi ya kufanya nje. Sikutaka kuwatukana tena. Lakini pia sikuweza kuitika wala kunyamaza. Alasiri moja tulikuwa wote chumbani, hata mzee, na mtoto yuko mapajani kwa Rahab. Rahab akasema, "Naliaka amekojoa." Nekoye akafungua macho.

"Msimwite hiyo," akasema. "Mwiteni Nekoye."

Rahab alimtabasamia kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Hiyo haiko, mami. Jina inatoka kwa nyanya, haitoki kwa mama."

Nekoye akageuza shingo, kwa shida kwa sababu ya ule uvimbe, akaniangalia mimi. "Kwetu inaweza," akasema. "Si inaweza, Mum?"

Wote waliniangalia. Nilijua ananiuliza nini. Alikuwa ameketi magotini kwa nyanya zake kama mimi nilivyoketi kwa zangu, na alijua jina la mtu hupewa mtoto lini. Katika chumba kile tulikuwa wawili tu tuliojua. Ningeweza kusema haiwezi, ningeweza kumkaripia kwa kutaja mambo hayo. Lakini alikuwa amewadanganya watu wote hao kwa miezi mingi, na sasa alikuwa ananiambia ukweli, na nisingeweza kumjibu kwa uongo.

"Inaweza," nikasema. "Lakini si sasa."

"Najua si sasa," akasema. "Basi mngoje kidogo."

Akafumba macho. Rahab alinifuata nje hadi penye tangi la maji, akaniuliza kwa nini si sasa, kwani kuna siku yake? Nikamweleza. Nilimweleza kwa maneno mepesi, kama nilivyoeleza hapa mwanzoni, kwamba kwetu majina ni ya waliokwenda. Alikuwa ameshika sufuria. Aliiweka chini, akaketi pembeni yake ardhini na nguo yake safi, na akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mimi kumwita mchawi siku ile haikuwa haki, lakini angetamani iwe kweli, maana mchawi angalau hutendua. Niliketi karibu naye. Tulikaa hivyo hadi mtoto alipolia.

Kuanzia hapo hakuna aliyemwita mtoto jina lolote. Alikuwa "mtoto" tu. Majirani walikuja na sukari na kuuliza anaitwa nani, Rahab akawaambia bado, nao wakashangaa, kwa kuwa Mkikuyu haulizwi jina la mtoto wa pili, linajulikana kabla hajazaliwa. Ciru alimwita "Kamtoto". Mimi kila asubuhi niliamka mkekani, nikasikiliza pumzi ya kitandani, nikajua mtoto bado hana jina. Nilitaka akae hivyo. Nilitaka afike shule hana jina, aolewe hana jina, azeeke watu wakimwita wewe.

Mahindi yalikauka shambani, watu wakaanza kuyakata. Siku hiyo jua lilikuwa kali tangu mapema. Gathii alikuwa ameinama karibu na kitanda, nami nimeshika miguu ya binti yangu niliyokuwa nikiisugua mafuta kwa kuwa ilikuwa baridi. Aliuliza kama mvua inanyesha. Tulimwambia hapana. Akasema vizuri, mahindi yasiloe. Baada ya muda niligundua kwamba mimi bado nasugua na yeye ameshaondoka.

Gathii hakuweza kusimama. Mtu ilibidi atoke awaambie, na nilikuwa mimi. Nilifuta mafuta mikononi nikatoka uani. Rahab alikuwa anaanua nguo. Mzee Gikonyo alikuwa ameketi kivulini mwa banda la kuku na mtoto mapajani, Ciru akimpungia nzi kwa jani. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaamka, anajinyoosha na kukunja uso kabla ya kulia. Wote walinigeukia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, yakakataa kutoka.

"Mama Gathii," nikamwambia Rahab, "niletee Nekoye. Ameamka, anataka maziwa."

Nguo zilimwanguka mikononi. Mzee Gikonyo akavua kofia.